Ukurasa wa Mnyauko wa Kahawa

Haya alinieleza Mukashema, mtoto wa dada yangu, mwaka tisini na tisa, msimu wa kuvuna kahawa, tukimenya ndizi jikoni kwangu.

Kikundi chao cha wakulima pale Bugene kilikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Mukashema alichukua programu za bure, zile ambazo waliozitunga wamemruhusu kila mtu kuzifungua na kuzirekebisha. Moja ilionyesha ukurasa, nyingine iliwawezesha watu wengi kuuandika. Akaziunganisha mpaka zikaelewana. Sasa yeyote aliweza kukaa pale, akaongeza lake au akasahihisha la mwenzake.

Ukurasa wenyewe ulihusu mnyauko wa kahawa. Ijumaa ungechapishwa, ukasomwe kwa wakulima wa Nyaishozi.

Jumatano mzee Byarugaba, karani wa zamani wa ushirika, akaandika kwamba mti ulionyauka ukatwe, upelekwe nyumbani uwe kuni. Kumbe kuubeba ndiko kunakosambaza ugonjwa! Huchomwa palepale shambani. Na mama yake Mukashema ana kahawa hukohuko Nyaishozi, amepakana na shamba lenye mnyauko. Kuni za jirani zingepita katikati ya mibuni yake.

Kosa wote walilisoma. Hakuna aliyeligusa.

“Si ufute?” akasema Costansia, mwenzake wa zamu. “Mwenye programu ni wewe.”

“Nifute maneno ya mzee, mimi wa juzi? Futa wewe.”

“Mimi? Yule ndiye mshenga wangu!”

Mukashema akawaza. Waliotunga programu ile waliona kufuta ni kazi tu. Hapa kwetu ni kumkatiza mkubwa mbele za watu. Akatafuta kwenye diski, akapata programu ya tatu, ya kujibizana. Alhamisi yote ikamgomea. Hii ikiwaka, ile inazima. Jioni zikashikana, pakawa na nafasi ya mazungumzo chini ya maelezo. Akaandika: “Shikamoo babu. Naomba kuuliza, mti mgonjwa tukiubeba, hautaambukiza mizima njiani?” Hakupata usingizi.

Asubuhi mzee akaja, akasoma, akaandika: “Marahaba, mjukuu wangu. Uchomwe palepale. Niliwaza jiko la bibi yako, sikuwaza kahawa.” Akafuta mstari wake mwenyewe, kisha akawageukia.

“Na nyie mkanyamaza! Mlitaka aibu hii ifike Nyaishozi?”

“Tulikuheshimu, babu,” akasema Costansia.

“Heshima gani hiyo ya kuua mibuni? Chapisheni!”

Printa ikaanza kukwaruza. Karatasi ya pili haijatoka, Mukashema akalala palepale kitini.