Picha ya Saba

...na Mwalimu Olinga bado amepiga magoti nyuma ya kompyuta yake, anachomoa waya wa simu, anaupuliza, anaurudisha, "Ni mvua, Adeke, ikinyesha upande wa Tororo hii laini inaingia maji, inakatakata," nami naitikia ndiyo mwalimu, mkono wangu umetulia mapajani, na picha imesimama pale pale, juu kabisa ukuta wa samawati, chini yake nywele, basi, nywele tu, na nywele ni za mtu yeyote... padri alisema kwa simu kutoka Bukavu kwamba wameweka picha za wote kwenye ukurasa wao wa intaneti, wale waliozikwa bila majina, niangalie wa saba, ana kovu juu ya jicho la kushoto, na mume wangu Echodu ana kovu hapo, mnyororo wa lori ulimpiga kwenye foleni ya Malaba mwaka wa tisini na tatu, nikamkandamiza kwa leso mpaka kliniki naye anacheka, ananiambia wewe utaniharibia sura... miezi kumi na moja sasa tangu lori lipatikane kule Kongo limeungua, yeye hayumo, na mama yake ameapa hakuna matanga mpaka mtu aone kwa macho, na mtu huyo ni mimi... mara ya kwanza ilikuwa Nanjala, mke wa mwalimu, aliinua hii simu ya sebuleni ampigie dada yake aliye kule Nambale, picha ikakatika, mwalimu akamwambia, "Mama, ukiinua hiyo unatutoa, ni laini moja," mara ya pili paji la uso lilikuwa linaanza, mstari kwa mstari, kama mtu anavuliwa shuka, na simu iko hapa ubavuni mwangu, nikainua mkono wa simu kidogo tu, upana wa kidole, nikashusha, "Imekata tena," akasema, na ya tatu hivyo hivyo, na ya nne, akakagua soketi, akabadilisha waya, jasho linamtoka, mzee wa watu anapigana na mvua na ubovu ni mimi... "Nanjala, umegusa simu?" "Sijagusa mimi, niko jikoni"... ningeweza kuendelea hivi mpaka stima ipotee, Echodu akabaki njiani, anakuja, mahali fulani amesimama anakunywa chai, lakini yule wa saba amelala kule bila jina, na kama si wangu basi ni wa mwanamke mwingine, naye anangoja... "Tuache, urudi kesho?" mwalimu ananiuliza, hanitazami, anafuta miwani kwa shati, anafuta kioo kilekile, polepole, na nadhani anajua, pengine alijua tangu ile ya tatu... "Jaribu tena, mwalimu," nasema, naikalia mikono yangu yote miwili, modemu inakwaruza, inapiga kelele zake, inanyamaza, mvua haijapungua, ukuta unatokea, nywele zinatokea, na sasa paji la uso, naliacha lishuke.