Mkanda wa Pua ya Barakoa

Barakoa hakuwa na kasoro yoyote isipokuwa mdomo. Miguu alikuwa nayo, kifua alikuwa nacho, na uso wake mweupe kuanzia kipajini hadi puani ndio uliompa jina, kwani ukimtazama kwa mbele ungesema bibi wa Kimaskati ametoka na barakoa yake kwenda kuhani. Lakini mtie lijamu, umpande, umwachie aende shoti, hapo ndipo utakapomjua. Angefumbua mdomo na kulipeleka taya la chini upande mmoja, chuma kingeteleza kisishike kitu, nawe juu ungebaki na hatamu mkononi zisizo na kazi. Angekwenda anakotaka yeye.

Idi ya mwaka wa sitini na tisa alitaka kwenda kushoto. Siku hiyo ilikuwa ardha, kwenye uwanja wa Al Khuwair, ambako siku hizi mtu hapati hata pa kuegesha gari lakini wakati ule palikuwa na mchanga, migunga na mbuzi. Katika ardha farasi hukimbizwa wawili wawili, sambamba, na wapandaji hushikana mikono huku farasi wako mbioni. Hiyo ndiyo sifa yake yote. Thabit, mwenye farasi huyu, alikuwa juu ya Barakoa, hatamu mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameshikana na shemeji yake Aflah, mume wa dada yake Rahila. Katikati ya uwanja Barakoa akafumbua mdomo, akachepuka. Thabit hakuachia mkono. Aflah aling'oka juu ya tandiko mzima mzima, akaanguka, akavunjika mtulinga.

Aflah alisema mtu mwenye akili angemwachia. Thabit alisema mtu mwenye akili angejinasua mwenyewe. Baada ya hapo hawakusemeshana tena, ingawa walikaa nyumba moja kule Qurum na walikula sinia moja.

"Rahila, mwambie nduguyo asogeze chumvi."

"Dada, mwambie mumeo chumvi iko mbele yake."

Na chumvi yenyewe iko katikati, kila mmoja angeweza kuifikia bila ya kunyoosha mkono. Wanaume wawili wenye ndevu. Rahila alifanya kazi hiyo ya utarishi karibu mwaka mzima, akipeleka maneno yaliyokwisha kusikika, na moyoni akiomba Mungu ampe subira kabla hajawamwagia mchuzi.

Katikati ya Ramadhani ya mwaka wa sabini, baada ya kufuturu, Aflah akanawa mikono na kusema neno alilokuwa akilitafuna muda mrefu. "Idi ikipita simtaki farasi yule nyumbani kwangu. Na mwenyewe akitaka kumfuata farasi wake, njia anaijua."

Thabit aliinuka akatoka. Rahila alibaki na birika mkononi, na hofu ilimshika kwelikweli. Mama yao alizaa watoto wanne. Mmoja alikuwa Misri, na Thani, mdogo wao, alipotea Unguja siku zile za Januari ya sitini na nne, hajulikani alipo. Thabit alipita nchi tatu mpaka akamfikia dada yake Maskati. Akitoka katika nyumba hii, Rahila hatakuwa na mtu wa kumwita kwa jina la utotoni.

"Barakoa atakimbia Idi hii," alisema. "Na weye utampa Thabit mkono."

"Mkono?" Aflah aligusa bega lake. "Huu?"

"Huo huo."

"Rahila, yule farasi hashikiki."

"Akishikika?"

Aflah alimjua mkewe. Alijua hatalala mpaka apewe jibu, na yeye alikuwa na kazi forodhani asubuhi. "Nimwone kwa macho yangu anakwenda amenyooka, kwa mkono mmoja tu, basi nitampa mkono. Na farasi atakaa, na mwenyewe atakaa."

"Umesema."

"Nimesema."

Tangu siku ya pili Rahila alihamia bandani. Farasi hakuwaanza jana. Baba yao aliwafuga shamba, na yeye alipanda mpaka alipofika umri wa kukatazwa, akaendelea kupanda kwa kificho mpaka alipoolewa. Thabit naye alikuwa na dawa yake tayari. Alisema farasi anayefumbua mdomo hufungwa mdomo, na kazi hiyo ni ya mkanda wa pua. Barakoa alikuwa na mkanda wa kawaida wa ngozi uliomzunguka pua umelegea, pambo tu. Thabit akaukaza mpaka tundu la mwisho.

Mdomo kweli haukufumbuka. Barakoa alisimama kwa miguu ya nyuma.

Thabit akakata mkanda mwingine, akaufunga chini zaidi, ukapita mbele ya lijamu na kuzunguka kidevu, kama alivyoona kwa Waingereza kwenye mashindano ya Unguja. Huo ulikaa pale ambapo mfupa wa pua umekwisha na nyama laini imeanza. Farasi alipopelekwa mbio pumzi zake zilipiga mluzi, akawa anarusha kichwa kama mtu aliyepaliwa. Thabit akaufungua, akashona mikanda miwili ya kupishana juu ya pua, mmoja juu ya lijamu na mmoja chini yake, ili taya lisiende upande. Mikanda hiyo ilimpa siku moja nzuri. Taya halikwenda upande, na Thabit alirudi akicheka peke yake. Siku ya pili Barakoa akainua pua juu mbinguni na kukimbia hivyo hivyo, haoni anakokwenda, mpaka kwenye uzio wa jirani.

Rahila alimshika farasi, akavua mikanda yote na lijamu. Palikuwa na povu, na povu lilikuwa na rangi. Alimtia kidole gumba pembeni mwa mdomo, pale penye pengo lisilo na meno, akamfumbua na kutazama. Ufizi wa kushoto, mahali chuma kinapokaa, ulikuwa na kidonda cha zamani kilichochubuliwa upya.

"Njoo uone," alisema.

Thabit alitazama.

"Mkono wako wa kushoto huo. Unamning'inia. Kisha unamfunga mdomo asiseme kama panamuuma." Sauti yake ilikuwa ndogo, maana hasira ikimfika hapa Rahila hupoteza sauti. "Mwaka mzima mnagombana nani angemwachia nani, na mnyama ana donda."

Kidonda kilitaka kupumzishwa, na Idi haikuwa mbali. Rahila akaona pa kuanzia ni mkono wa Thabit. Hatamu zake zilikuwa za ngozi nyembamba ngumu, na mwenyewe alizizungusha ngumini. Akipata hatamu pana, laini, za kusokotwa, pengine mkono wake utajifunza adabu. Basi akapanda gari la mtu wa forodha mpaka Matrah, kwa Bi Bakhita, mama aliyesuka vitu vya ngamia kwa sufi na manyoya ya mbuzi.

Bi Bakhita alisema Kiarabu tu. Rahila alikuwa na Kiarabu cha nyumbani, na pale kinapopungua hutia Kiswahili na kukipa sauti ya Kiarabu. Hatamu akaigeuza khitam, akasema anataka khitam ya farasi.

"Khitam? Ya farasi?"

"Ya farasi. Laini, na pana."

Bi Bakhita alimtazama kidogo. "Pua yake kubwa?"

Rahila alidhani mama anaongea kwa mazoea tu, kama watu waulizavyo habari za watoto. Alionyesha kwa viganja ukubwa wa pua ya Barakoa, akasema alhamdulillahi hana neno. Waliagana vizuri.

Aliporudi kuchukua, alipewa kitanzi kipana cha sufi nyekundu na nyeusi, cha kupita juu ya pua, na kamba moja ikitokea chini ya kidevu.

"Hii nini?"

"Khitam."

"Nilitaka za kushika mkononi."

"Hizo inani, mwanangu. Khitam ni ya puani. Tangu Nabii Adamu ni ya puani." Bi Bakhita alianza kucheka. "Nyinyi wa Zinjibar mmeishusha mpaka mkononi?"

Ndivyo ilivyo. Neno lilivuka bahari puani mwa ngamia, likashuka Unguja mikononi mwa watu, na hakuna aliyeuliza. Rahila alirudi Qurum amenuna. Thabit alipokiona kitanzi alicheka mpaka akashika mbavu, akasema dada amemnunulia Barakoa nguo za ngamia.

Rahila alikuwa amekishika kile kitanzi, akikibonyeza kwa vidole, na alikuwa akifikiri. Siku zote walitafuta mkanda wa kuufunga mdomo ili chuma kifanye kazi. Je, kama kazi yenyewe ingefanywa na pua, na mdomo ukaachwa?

Akatoa pete mbili za chuma katika mikanda ya Thabit. Akazishona kwenye sufi, moja kulia na moja kushoto, kwa uzi wa magunia, akafunga hatamu kwenye pete hizo. Akamvisha Barakoa kitanzi juu, penye mfupa mgumu, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, mbali na matundu ya pumzi. Hakukaza. Alihakikisha farasi anaweza kutafuna na kulamba. Lijamu akalitundika ukutani.

"Panda," alimwambia Thabit.

"Bila lijamu?"

"Hawezi kukwepa kitu ambacho hakimo."

"Dada, unataka nikakimbie mbele ya Waarabu wote wa pwani hii na khitam ya ngamia? Watasema Wazanzibari wameleta farasi wa kubebea kuni."

"Wataanza leo kusema?"

"Mimi sipandi."

"Basi n'napanda mimi."

Thabit alidhani maneno tu. Asubuhi ya pili, watu walipokuwa msikitini, Rahila alivaa suruali ya mumewe chini ya kanzu, akajifunga mtandio, akampanda Barakoa nyuma ya minazi na mitende, mahali mchanga unapoteremka kuelekea pwani. Mwanzo alikwenda polepole. Alivuta kidogo kushoto, pua ikaja kushoto. Alivuta kulia, ikaja. Mdomo ulikuwa ukilamba tu kama ng'ombe aliyeshiba. Miaka ishirini hakuwa amepanda, lakini alimwachia aende. Barakoa akaenda shoti. Rahila akatia hatamu zote mkono wa kushoto, akanyoosha wa kulia pembeni, mtupu, na farasi akaendelea kunyooka.

Alipogeuka kurudi alimkuta Aflah amesimama njiani, tasbihi mkononi. Hakuwa na njia ya kujificha, naye hakutafuta. Alimleta farasi mpaka mbele yake, akamsimamisha.

"Umeona?"

"Nimemwona mke wangu amevaa suruali yangu."

"Na farasi?"

Aflah alimtazama Barakoa, kisha akaitazama ile sufi puani. Alikuwa mtu wa haki, hilo halikatazwi na ukaidi. "Farasi amenyooka," alisema. "Mwambie nduguyo ajizoeze."

Thabit aliyasikia, kwani alikuwa nyuma ya mtende, ameona yote. Aibu ya kupitwa na dada yake ilifanya kazi ambayo maneno hayakuiweza. Alipanda siku hiyo na kila siku, na Rahila alisimama pembeni akimkemea mkono wake wa kushoto mpaka ukalainika.

Asubuhi ya Idi, baada ya sala, Rahila alikuwa akimvisha Barakoa khitam yake uani. Aflah alileta farasi wake, akasimama hatua chache kutoka kwa Thabit.

"Rahila, mwambie nduguyo, akiona farasi anakwenda kombo, aniachie mkono."

"Dada, mwambie mumeo simwachii."

Rahila akakaza kamba ya mwisho. "Semeni wenyewe. Mimi leo bubu."

Barakoa alipiga kwato. Rahila hakugeuka, aliogopa akigeuka atasema.

"Simwachii mtu mkono, Aflah," Thabit alisema hatimaye. Sauti haikuwa yake ya kila siku. "Thani nilimshika mkono mpaka forodhani kule Unguja. Watu wakasukumana, nikafikiri nikimwachia atapita kwa urahisi, mdogo yule. Nikamwachia."

Miaka karibu saba Rahila hakuwa amelisikia hilo. Alijua walitoka pamoja na alijua Thabit alifika peke yake, na hakuwahi kuuliza, kwa kuogopa jibu. Aliushika ule mkanda wa sufi puani mwa farasi kwa mikono miwili, akashindwa kusogea.

Aflah aliukaza mkanda wa tandiko lake. Kisha akapanda farasi wake. "Haya," alisema. "Usiniachie. Lakini pua uiongoze, usiivute."

Uwanjani watu walicheka, kama Thabit alivyosema. Upande wa wanawake mmoja aliuliza kwa sauti huyu kaja na farasi au na ngamia. Rahila alimsikia, akasogea mbele mtu asimzibe. Jozi mbili zilipita. Kisha farasi wa Aflah na Barakoa wakatoka pamoja, na mikono ikashikana.

Katikati ya uwanja, mahali pale pale, Barakoa alilaza kichwa kushoto. Rahila alikiona kile kichwa cheupe kikienda, na moyo wake ukaenda nacho. Alimwona pia Thabit, jinsi asivyovuta. Aliulegeza mkono wa kushoto, akaupeleka kulia kidogo tu, na pua ikamfuata. Farasi wawili wakarudi bega kwa bega na kupita mbele ya watu kwa kishindo, wanaume wawili juu yao wameshikana, kanzu zimejaa upepo. Hakuna aliyecheka.

Walirudi kwa miguu, wakiwavuta farasi. Rahila aliwasikia kabla hawajafika, maana walikuwa wanagombana.

"Ulinivuta."

"Sikukuvuta, weye ndiye uliyechelewa kutoka."

"Nimechelewa mimi? Thabit, unaona kweli weye? Na lile banda la farasi wako ni dogo, ananikanyagia miche yangu. Ulipanue, uanzie upande wa kisima."

"Kesho?"

"Kesho Idi pili. Keshokutwa."

Wakafika alipo, mmoja kulia na mmoja kushoto, bado wakibishana. Rahila alisimama kati yao akingojea neno la kupeleka upande wa pili. Halikuja. Akakaa mchangani na nguo zake mpya za Idi, akalia.