Ukuta wa Bi Mwanatatu

Rashad alifika Mtongwe na fundi Kyalo, mifuko ya simiti, na picha ya nyumba yenye matao meupe kwenye simu yake. Kazi yake ilikuwa kutembeza wageni, na sasa wengi walitaka kulala kijijini. Majirani kadhaa walikwisha kubomoa kuta za udongo wakajenga matao ili wawavutie. Naye alitaka nyumba ya shangazi yake, Bi Mwanatatu, isibaki nyuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Na mzigo wote huu?"

Akamwonyesha picha. Bi Mwanatatu aliitazama kwa utulivu.

"Nzuri, mashallah. Lakini hii ni nyumba ya Lamu. Sisi Wadigo tulijenga matao lini? Wageni wakiniuliza, niwajibu nini?"

"Watapenda, shangazi."

"Watapenda, naam. Simiti tia sakafuni, na chooni nivutie maji ya bomba. Ukuta niachie mimi."

Rashad alinywea. Ukuta wenyewe ulikuwa umebanduka, fito zimechomoza kama mbavu, na wageni walikuwa njiani kuja.

Asubuhi aliukuta uwanja umejaa wanawake. Bi Mwanatatu alikuwa amejifunga leso kiunoni, anakanyaga udongo na kuwaelekeza mabinti waliozaliwa katika nyumba za matofali. Kyalo naye alikunja suruali akaingia.

"Kwa nyanya yangu Ukambani tulikandika hivi hivi," alisema, akicheka.

Alasiri ukuta ulikuwa umekamilika. Bi Mwanatatu akasimama mlangoni, akachovya vidole kwenye maji, akachora mistari ya mawimbi juu ya udongo mbichi, kama alivyofunzwa na mamake. Rashad alikua akipita mlango ule kila siku, wala hakupata kujiuliza mistari ile ilichorwa na nani.

Ijumaa wageni wakaja. Mmoja wao, Fancy wa Nairobi, aliingia kutoka juani akaegemeza shavu ukutani.

"Wameficha AC wapi hapa?" aliuliza, na watu wakaangua kicheko. Baadaye akauliza kama akina mama wangewapigia ngoma jioni ile. Rashad alikuwa tayari kuitikia, lakini shangazi yake akamtangulia.

"Ngoma yetu ni ya arusi, mama. Kesho kwa jirani yetu Nyale kuna arusi. Karibu, uje kama watu wengine wa arusini."

Fancy alikwenda kweli. Alimenya vitunguu mpaka machozi yakamtoka, kisha akacheza mpaka miguu ikamuuma.

Arusi ilipopita, Nyale, ambaye nyumba yake ilikuwa ya matao, alikuja kwa haya kuomba akandikiwe ukuta wa jikoni, ili nako kupoe. Bi Mwanatatu hakumtajia matao hata kidogo. Alijifunga leso akatoka, na Rashad akamfuata nyuma na karai la udongo kichwani, bila kuambiwa.