Hofu Ikikataa Kupita

Kabla ya korona, Wachuka alikuwa karibu kupona. Ugonjwa wake haukuwa wa mapafu. Ulikuwa wa hofu. Ulimkamata ghafla akipanga vitunguu vyake sokoni Chaka: moyo mbio, kijasho chembamba, pumzi zikakataa kushuka, naye akawa na hakika kwamba anakufa. Watu wa soko walikuwa na dawa zao. Ombewa. Kunywa tangawizi. Wacha kuwaza sana. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, lakini ushauri wa namna ya kukilalia utaupata bure.

Aliyemfaa ni Gathoni, mshauri wa kliniki moja mjini Nyeri. Huyo hakumwambia atulie. Alimpandisha ngazi kwa kasi mpaka akatweta, kisha wakaketi pamoja kungoja.

"Umeona, mama? Imekuja, na imeenda. Hii ya hofu haiui mtu."

Wachuka alilirudia somo hilo wiki baada ya wiki, hadi akaweza kushinda sokoni bila kushikwa.

Kisha redio ikaanza kutangaza kila jioni watu waliokufa kwa kukosa pumzi. Kliniki ikafunga milango, ushauri ukawa wa simu, na mtandao wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Barakoa ikimfunika pua, Wachuka alihisi amezibwa na mkono wa mtu. Yote aliyofundishwa aliyaona yamegeuka uongo, na nani wa kumlaumu? Aliacha soko, akaacha kanisa. Mwishowe hata geti la nyumbani hakulivuka.

Mumewe Theuri, seremala asiyejua kununa, ndiye aliyeenda kuviuza vitunguu. Akirudi na kumkuta mkewe anatweta, alimshika mkono na kupumua pamoja naye. "Itapita, Mama Wendy. Hata jana ilipita."

Asubuhi moja Theuri hakuamka kwenda sokoni. Kifua kilimpanda na kushuka upesi upesi. Alijaribu kucheka.

"Nafikiri hiyo kitu yako imenishika. Ati sasa ni zamu yangu."

Wachuka akamwamini. Na tuseme ukweli, alifurahi kidogo: kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyekuwa mjuzi. Akamketisha, akamwekea mkono tumboni, akamwonyesha kutoa pumzi taratibu kama Gathoni alivyomwonyesha. "Ngoja tu. Itapita." Wakangoja. Chai ikapoa, jua likafika paa la jikoni, nao bado wanangoja.

Theuri alitaka kuomba maji, sentensi ikamkatikia katikati. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Hapo Wachuka akajua. Hofu aliijua vizuri: huja na makelele yake, halafu huondoka. Hii ilikuwa imekuja kimya, na haikuwa na haraka ya kwenda.

Alimpigia jirani yao Mburu, mwenye pikapu, simu isishikwe. Basi akaenda mwenyewe. Alipogusa komeo la geti, hofu ikamrukia yote kwa pamoja. Hakuingoja ipite. Alitoka nayo, akavuka barabara akitweta, akagonga mlango wa Mburu kwa ngumi mbili.

Hospitalini, muuguzi aliyejifunika gubigubi alimbana Theuri kidude cha kupimia kidoleni, akasoma namba, akaita machela. Theuri akasukumwa ndani kabla hawajaagana. Ndipo muuguzi akamgeukia Wachuka, aliyekuwa akihema kwa kishindo kuliko mgonjwa wake, akambana kidude kingine.

"Mama, wewe uko sawa. Oksijeni yako iko juu kabisa. Ya mzee ndiyo iko chini sana."

Tangu korona iingie, Wachuka alikuwa amemwomba Mungu aje mtu mwenye kipimo amwambie hivyo. Sasa alikuwa ameambiwa. Aliketi kwenye benchi la nje, mapafu yake mazima yamejaa hewa, akimsihi Mungu huyo huyo amgawie Theuri.