Koti Lililomwingiza Mama Chuoni

Mama yetu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo, kwa sababu hajawahi kutoa nguo dukani pindo likiwa limekaa upande. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, ataigeuza kwanza aitazame ndani, kule ambako hakuna anayetazama, kisha ataguna juu ya yule aliyeishona.

Nilipokuwa darasa la nne, watu wa filamu walikuja kutafuta fundi wa kuwashonea waigizaji. Mama alifanya kazi miezi mitatu, nguo sitini na moja, kwa cherehani ya kukanyaga. Filamu ilipotoka, ilionyeshwa ukumbini wiki moja tu, na wiki hiyo yeye alikuwa amezama kwenye magauni ya harusi ya watu. Akaenda baba peke yake. Aliporudi alisema, "Jina lako lipo mwishoni. Nimeliona kwa macho yangu." Baadaye filamu ilirushwa kwenye televisheni mara mbili, na mara zote mbili waliikata majina yalipoanza ili taarifa ya habari isichelewe. Baba alifariki, na mama hakuwahi kuliona jina lake.

Mwaka huu chuo cha ufundi kilitangaza nafasi ya mwalimu wa ukataji na ushonaji. Mama hana cheti hata kimoja, lakini alivaa gauni lake la kijivu akaenda. Mkuu wa chuo, mwanamke wa maneno machache, alimwambia, "Mama, sijakukatalia. Ila niletee kitu cha kuionyesha kamati. Kazi yako kubwa kuliko zote iko wapi?"

"Iko kwenye filamu," mama akajibu.

"Basi uje nayo Jumatano."

Mzigo huo ukatuangukia mimi na kaka yangu. Mimi nauza dawa famasi. Kaka ni fundi wa majokofu, na kwa jinsi anavyopenda kukusanya diski za filamu, tangu ujana wake anaitwa Dividii. Zimejaa rafu tatu sebuleni kwake, na wifi yangu ameshakata tamaa. Miaka yote tumekuwa tukibishana. Mimi nalipia filamu za mtandaoni kwa mwezi, nafungua simu, natazama nitakacho. Yeye husema, "Wewe umepanga, dada. Siku mwenye nyumba akibadili mawazo, unakuta vitu vyako nje."

Jumamosi ile nilifungua simu kwa madaha, maana nilikuwa nimeiona filamu ya mama kwenye orodha mle ndani mwezi mmoja tu nyuma. Haikuwepo. Nilitafuta kwa jina, kwa mwaka, kwa mwigizaji mkuu. Ilikuwa imeondolewa. Kaka hakunicheka, na hilo liliniuma kuliko kama angenicheka.

"Mimi mwenyewe diski yake sijawahi kuipata," alisema. "Ngoja niulizie."

Sikungoja. Niliingia kwenye duka la mtandaoni linalouza filamu za kupakua, nikaikuta ipo, tena kwa nusu bei, na punguzo lilikuwa linaisha siku ileile. Nikainunua na kuipakua kwenye kompyuta. Jumapili mchana tukakusanyika kwa mama.

Nisiwe mnyimi wa sifa: picha ilikuwa imesafishwa ikang'aa. Katikati ya filamu, msimamizi wa stesheni alipotokea na koti lake la mistari, mama alininyooshea kidole.

"Hebu simamisha hapo. Unaona kitu chini ya kola?"

Tuliinama sote. Hatukuona kitu.

"Ndiyo hivyo," alisema. "Kitambaa kilipungua shubiri nzima. Nikaunga hapo, nikalinganisha mstari kwa mstari. Hata aliyelivaa hakujua."

Lakini filamu ilipoisha, majina yalikuwa machache: waigizaji, mwongozaji, kampuni iliyosafisha picha, basi. Toleo jipya lilikuwa limewaacha mafundi wote. Mama alikunja mikono mapajani. "Labda baba yenu alisoma haraka," alisema taratibu.

"Baba hakusoma haraka," kaka alisema. Akachukua funguo zake akatoka.

Alizunguka siku mbili, kila alipotoka kazini. Mwishowe alimpata mzee mmoja aliyekuwa akikodisha diski zamani, siku hizi anauza viatu, na maboksi yake yako stoo chini ya makasha ya kandambili. Jumanne jioni kaka aliingia kwa mama akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Diski ilikuwa na mikwaruzo kama ubao wa kukatia vitunguu. Aliifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, akaiweka kwenye mashine yake ya kuchezea diski aliyokuja nayo. Ilikwama mara mbili, ikaruka, ikaendelea.

Majina yakaanza kupanda. Wapiga picha. Maseremala. Madereva. Halafu neno "Mavazi", na chini yake majina matatu ya mama: lake, la baba yake, la babu yake.

Kaka akasimamisha. Mama alisogea mpaka pua ikakaribia kioo, akayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine. Babu yetu, yaani baba yake mama, ndiye aliyemnunulia cherehani ya kwanza, ndugu wakimcheka kwamba anampa mtoto wa kike chuma cha kuchezea.

"Baba yangu yumo," mama alisema. Kisha akatugeukia. "Na baba yenu alisoma vizuri."

Jumatano tuliingia chuoni watatu, mimi na kompyuta, kaka na mashine yake ameikumbatia kama mtoto mchanga. Mlangoni tukaanza kuvutana tuanze na ya nani. Mama akatukatiza. "Kwanza kazi, halafu jina."

Basi nikaweka ile ya kwangu, kwa kuwa nyuzi zilionekana. Mama alisimama kando ya skrini, ananiambia simamisha, anaeleza, ananiambia endelea. Mmoja wa wanakamati, fundi wa zamani, alimuuliza alilipunguzaje kwapa la koti bila kuvuta bega. Mama akaomba chaki. Alichora ubaoni, akafuta, akachora tena, na yule bwana akatoa daftari akaanza kunakili.

Kisha kaka akaweka diski. Majina yalipofika, mkuu wa chuo aliinuka akasogea karibu, akasoma, akamtazama mama.

"Huyu ni wewe?"

"Ndiye mimi."

Maisha yangu yote nimemsikia mama akisifiwa, na kila mara huinamisha uso na kusema ni kazi ndogo tu. Siku hiyo hakuinamisha. Kaka alinikanyaga mguu chini ya meza, na nilipomtazama alikuwa anajifuta macho kwa kile kitambaa cha diski.

Alianza kufundisha mwezi uliofuata. Siku ya kwanza nilimsindikiza nikabaki dirishani. Alipoingia, wanafunzi ishirini na wawili walisimama kwa pamoja kumwamkia.

"Marahaba, wanangu," alisema, akitundika futi yake shingoni. "Kaeni. Tunaanza na upande wa ndani."