Kilima cha Dakika ya Saba

Kilima cha mtoto Gracien kilipanda mpaka juu ya skrini. Mashine yetu hapa Kasese husukuma sampuli kwenye mrija mwembamba, na kila kitu hutoka kwa dakika yake, kikichora kilima chake kwenye skrini. Asidi ya sialiki hutoka dakika ya saba. Ikizidi hivyo kwenye mkojo wa mtoto wa miezi kumi ambaye bado hakai kitako, tunaogopa ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao. Hauna dawa.

Daktari Danieri alitaka mama wa mtoto aambiwe mara moja.

"Kesho nakwenda kwao Bwera," nikasema. "Nirudie sampuli kwanza."

"Mama Pretty, mashine haidanganyi."

"Haidanganyi. Inapima kile inachopewa."

Sikumwambia kilichonisumbua. Nilipozungusha ule mkojo kwa kasi kabla ya kuupima, utando mweupe wa mafuta ulielea juu. Nilivuta maji ya chini kwa bomba nikaendelea na kazi. Mkojo wa mtoto hauna mafuta. Nilijua hivyo tangu chuoni.

Bwera, Wivine, mama yake Gracien, alinipokea na mtoto begani. Alikuja mwaka jana kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka.

"Umeleta majibu? Sema tu. Mutoto iko na nini?"

"Keti. Siku ile nilipombandika kifuko cha mkojo, ulikuwa umempaka nini?"

"Hakuna kitu. Nilimunawisha."

"Wivine."

"Maziwa yangu tu! Ngozi ilikuwa inamuchoma. Kwetu mutoto akiungua pale, mama anamukamulia. Wewe hawakukufanyia?"

"Sisi tulipakwa samli, tukanuka kama chapati."

Hakucheka. "Nimeharibu?"

"Mimi ndiye nimeharibu. Sikuuliza."

Maziwa ya mama yamejaa asidi hiyohiyo. Nikamnawisha Gracien mwenyewe, maji na sabuni, mara mbili, nikambandika kifuko kipya. Tulingoja saa nzima. Wivine alikaa mikono kwapani, asije akamgusa.

Siku ya pili yake, dakika ya saba, kilitoka kilima kifupi kama cha watoto wengine. Nikarudia mara tatu. Kisha nikampigia Wivine simu.

"Ule ugonjwa tuliokuwa tunautafuta, hana."

Nilisikia akivuta pumzi. "Atatembea?"

"Sijui. Bado hatujui kwa nini hakai. Jumatano mlete, Danieri amwangalie upya."

"Na ngozi yake? Nimupake sasa?"

"Mpake, mama. Mpake hata sasa hivi."