Amelala Bila Kidole

Mimi si mtu wa kushindwa na kidole gumba. Nilimwambia hivyo mume wangu Kipkurui Jumapili, kabla hajarudi Kapsoit anakofanya kazi ya gereji. Akacheka, akasema si nimwache tu mtoto, yeye mwenyewe alinyonya chake mpaka darasa la pili. Nikamwambia ndiyo maana meno yako yamechomoza hivyo. Hakukasirika. Kipkurui huwa hakasiriki, na katika nyumba ya mtu kama huyo lazima mwingine akasirike kwa niaba ya wawili.

Joan alikuwa na miaka miwili na nusu. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimepauka kwa kulowa, na kilitoka kwenye zizi la ndama moja kwa moja hadi mdomoni. Mara mbili mwaka huo aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Kwa hivyo sababu nilikuwa nayo, watu wasiseme sikuwa nayo. Nilimfunga kitambaa, akakitafuna. Nilimvisha soksi, akaivua. Nilimchapa mkono, akanyonya huku analia. Alikuwa anakimbilia kidole ili kimtulize maumivu niliyompa mimi, na hilo liliniuma kuliko kuhara kwenyewe.

Jumatatu saa mbili asubuhi, nilipomaliza kukamua, niliamua kumwachisha kama ninavyoachisha ndama. Ukitaka ndama aache kunyonya, unakata shubiri, ile sisi Wakipsigis tunaita tangaratwet, unapaka utomvu wake kwenye chuchu za mama. Ndama akionja mara mbili anageuza uso. Nimeachisha ndama kumi na mmoja hivyo na hakuna aliyenishinda.

Nilikata jani, nikatafuta cha kukamulia utomvu. Juu ya posti, ile nguzo ya zizi, kulikuwa na kikombe kidogo cha plastiki, ndani yake maji meupe kidogo. Sikunusa. Mtu anayekamua kila asubuhi akiona kitu cheupe karibu na ng'ombe hajiulizi, anajua ni maziwa. Nikafurahi hata, kwa kuwa maziwa yangefanya utomvu ushike. Nikakoroga kwa kijiti, nikamshika Joan, nikapaka kidole chote mpaka kwenye kiganja.

Alikitia mdomoni, akakunja uso, akakitoa, akakitia tena. Mtoto mkaidi, na ukaidi huo haukutoka kwa baba yake. Akalamba yote akilia, nikapaka tena. Mara ya tatu nilimbana katikati ya magoti yangu ili nipake vizuri. Saa tatu na nusu alinyamaza, akajilaza kwenye mkeka pale mlangoni, mikono yote miwili wazi pembeni. Akalala.

Nilisimama nikamtazama. Nilikuwa sijawahi kumwona Joan akilala bila kidole tangu azaliwe. Nikampigia Kipkurui simu.

"Amelala bila kidole," nikamwambia.

"Kweli? Basi umemshinda, Tecla."

"Nilikuambia."

Nikavaa kikapu nikaingia kwenye shamba letu la chai, mistari ile ya karibu na nyumba ninayoweza kuona mlango. Nilikuwa sijachuma kwa furaha hivyo mwaka mzima. Kila nikiinua kichwa namwona mtoto wangu ametulia, nami najisifu. Nilichuma kwa muda wa saa moja unusu hivyo, na hiyo saa moja unusu mpaka leo sijajisamehe.

Mzee Johana, jirani anayetupulizia ng'ombe dawa ya kupe, alikuja saa tano. Nilimwona anazunguka zizi akitafuta kitu.

"Mama Joan," akaita, "kile kikombe ya kupimia dawa uliona? Niliacha hapa kwa posti Jumamosi."

Nikamuuliza kikombe gani, ingawa tayari nilikuwa natoka kwenye chai.

"Ile kadogo. Nilikuwa bado sijaiosha, na jana imenyeshewa. Hiyo dawa ikipata maji inakuwa nyeupe kama maziwa, nikaogopa paka isilambe."

Sikumbuki kutua kikapu. Nilimwinua Joan, shingo ikaanguka nyuma. Nikamwita, nikampiga mashavu, nikampulizia usoni. Alifungua macho kidogo kama mtu anayeamshwa kwa jambo lisilomhusu, akayafunga. Mikono ilikuwa baridi. Alikuwa anapumua, lakini kati ya pumzi moja na nyingine nilipata nafasi ya kufikiri amekufa.

"Nilimpaka kidoleni," nikamwambia Johana. Alichota maji na sabuni, akaosha kile kidole na mdomo wake, akaenda akaleta chupa ya dawa yenyewe. "Watataka kusoma karatasi yake," akasema. Kisha akasimama barabarani mpaka Onyiego wa bodaboda akapita na abiria, akamfanya amshushe.

Kutoka kwetu hadi Kaplong si mbali, lakini barabara ya lori za majani chai ikinyeshewa inakuwa uji. Nilikaa katikati, Johana nyuma, Joan kifuani pangu amefungwa kwa leso. Mashimo yakamtikisa akazinduka kidogo, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuinua mkono wa kulia kuutafuta mdomo.

Nikaushika. Kidole kilikuwa kimeoshwa, lakini nilijuaje kimetakata? Akauvuta. Hakuwa na nguvu ya kufungua macho, lakini ya kupigania kidole alikuwa nayo. Analia bila sauti, anavuta, nami nimekaza. Mwenyezi Mungu, nilisema, asubuhi nzima nimepigana na huu mkono na bado napigana nao.

Tulipofika kwenye lami mkono ulilegea. Nikaulegeza wangu ili avute tena. Hakuvuta. Nikauinua mwenyewe mpaka midomoni mwake, nikaushikilia hapo, sumu au si sumu, ili nione tu kama atafungua mdomo. Hakufungua.

"Onyiego, kimbiza," Johana akasema nyuma yangu.

Pale hospitalini muuguzi aliyetupokea aliitwa Vivian, msichana mdogo kuliko mimi. Alimlaza Joan, akamwekea hewa, akaniuliza mtoto amekunywa nini. Johana akampa chupa.

"Alikuwa akichezea kikombe," nikasema. "Sijui. Nilikuwa kwenye chai."

Johana akatazama chini. Vivian akauliza saa ngapi, na alilamba kiasi gani. Nilitaka kusema sijui tena. Watu wa kwetu wangesikia mtoto amechezea kikombe, wangenionea huruma, na maneno yangeishia hapo. Lakini alikuwa ameshika kalamu anangoja, na Joan alikuwa hajapumua tangu aulize.

Kisha akapumua.

"Nilimpaka mimi," nikasema. "Kwenye kidole, aache kunyonya. Saa mbili, halafu tena, halafu tena saa tatu. Alilamba yote. Nilimshika akalamba yote."

Aliandika bila kuniangalia. "Hakuna dawa ya kuondoa hii," akasema. "Tunamsaidia apumue, mapigo ya moyo yasishuke zaidi, mpaka iishe mwilini. Mama, miaka miwili? Wengi huacha wenyewe wakifika mitatu, minne. Angekuwa wa miaka mitano tungeongea habari ya meno. Huyu ulikuwa unamharakisha aende wapi?"

Nikavuta blanketi nikamfunika Joan miguu.

Walitulaza. Nilikaa kando ya kitanda nikihesabu pumzi zake mpaka nikawa sijui kuhesabu. Asubuhi ya pili, saa nne, alifungua macho, akaomba maji. Daktari akasema amevuka. Nililia mbele ya wodi nzima na sikuona aibu.

Alipomaliza kunywa, aliinua mkono wake wa kulia, akakitazama kidole. Kisha akaniangalia mimi. Akaurudisha mkono chini ya blanketi.

"Nyonya, mama," nikamwambia. "Kiko safi. Hakina chochote."

Akatikisa kichwa. Nikautoa mkono wake taratibu, nikakitia kidole mdomoni mwangu mwenyewe, nikakinyonya ili aone. Kilikuwa na ladha ya sabuni ya hospitali. Joan alinitazama usoni muda mrefu, akakivuta, akakifuta kwa blanketi, akaukalia mkono.

Kipkurui alifika saa sita na nguo za gereji. Hakunilaumu kwa neno lolote, ingawa Johana alikuwa amempata kwa simu asubuhi hiyo na kumweleza yote. Alimpakata tu mtoto, akaegemea ukuta. Joan alijikunja kwenye kifua chake, mwili ukalegea vizuri, ule ulegevu wa kawaida, na kidole kikaingia mdomoni polepole. Nikasikia ile sauti ndogo ya kunyonya niliyoichukia miaka miwili.

Nilitabasamu, nikasogea nimwone vizuri. Alipogundua namwangalia, alikitoa haraka na kukificha kwenye kwapa la baba yake.

Nilichukua kiti changu nikakigeuza, nikakaa nimewapa mgongo, ili mtoto aendelee.